Simba wa Mzee Semdoe

Mkuki wa mwisho haurushwi kwa hasira. Mmenisikia nikimwambia Sharifa hivyo, alipokuwa akitafuta neno zito la kumtupia wifi yake, na nyie mkacheka. Mmoja wenu akaniuliza mkuki umetoka wapi wakati nyumba nzima hii haina hata panga la maana. Haya, wekeni simu chini, sogeeni. Methali hii haikutoka vitani wala mawindoni. Ilitoka kwenye mchezo wa kadi, na mwanzo wake ni huu.

Katika kambi ya mkonge ya Kwamdoe watu walikuwa na mchezo wao wakiuita Ngome. Kadi zake hazikuuzwa dukani. Mtu alikata maboksi, akachora mwenyewe au akabadilishana na wenzake, mpaka akapata fungu lake la kuchezea. Kila mchezaji alikuwa na bakuli la kokoto. Likibaki tupu, ngome yake imeanguka. Kadi ya askari ikishakaa mezani, kila zamu ya mwenyewe hutoa kokoto moja kwenye bakuli la adui. Mnyama hula askari mmoja kila zamu, na askari wakiisha huanza kula kokoto. Mafuriko hufagia askari wote kwa mpigo. Na mkuki, ambao ukishatumika umekwenda, ama humuua mnyama ama hutoa kokoto tatu bakulini. Mwenye mkuki ndiye anayechagua.

Sasa alikuwepo msichana mmoja, Mwanamvua, binti wa Mzee Semdoe mchoraji. Fungu lake lilijaa askari wadogo wadogo na mikuki, basi. Halikuwa na kadi ya kujikinga, kama ukuta au dawa. Fungu la namna hiyo ni moto wa mabua: linawaka upesi, na kama chungu hakijachemka kabla halijazimika, mtalala njaa. Mwanamvua alilipenda kwa sababu lilifanana naye. Akitukanwa asubuhi, kabla ya jua kupanda ameshajibu.

Desturi ya kambi ilikuwa kwamba siku ya mashindano, mshindi huchagua kadi moja kutoka kwenye fungu la aliyeshindwa, ikawa yake moja kwa moja. Mwaka mmoja Mwanamvua alikutana mashindanoni na Mzee Sempombe, msimamizi wa ghala, mtu mpole wa maneno na mgumu wa kila kitu kingine. Sempombe alimchokoza kwa wanyama, mmoja baada ya mwingine, na kila mnyama aliyetokea Mwanamvua alimchoma mkuki. Watu walishangilia kweli. Wanyama wakalala chini chungu nzima, mikuki ikaisha, na bakuli la Sempombe likabaki na kokoto zake. Alishinda bila kutoka jasho, akanyoosha mkono akachagua Simba.

Ndugu zangu, ile haikuwa kadi ya kuchezea. Mzee Semdoe aliichora wiki aliyozaliwa Mwanamvua, na binti aliibeba kwenye fungu lake kama hirizi. Kupoteza kitu ni kawaida ya dunia, lakini mikono ya Mzee Semdoe ilikuwa imekwisha kushikwa na ugonjwa wa kutetemeka, hata kikombe cha chai alinyweshwa. Simba mwingine asingechorwa tena. Aliposikia alisema tu, "Ni kadi, mwanangu," akageukia ukutani. Mwanamvua aliumia kuliko kama angepigwa.

Mwaka mzima alicheza peke yake mkekani, mkono wa kulia ukishindana na wa kushoto. Siku ya mashindano ilipofika akakaa tena mbele ya Sempombe, ghalani, robota la singa, zile nyuzi za mkonge, likiwa meza yao. Shoga yake Mkaguzi akasimama nyuma yake. Mkaguzi ni jina lake kweli, msicheke.

Mwanamvua alianza kwa kasi kama kawaida yake. Askari wakamiminika, kokoto za Sempombe zikapungua. Lakini mzee naye alikuwa na mafuriko, akayamwaga, akafagia. Mwanamvua akaanza upya. Kufikia jioni Sempombe alibakiwa na kokoto nane. Mwanamvua alikuwa na askari watatu mezani, fungu lake limeisha, hana kadi ya kuchota tena, na mkononi ana moja tu. Kadi hiyo ilikuwa mkuki.

Hapo Sempombe akaweka kadi mezani taratibu. Alikuwa Simba.

Mwanamvua alimtazama mnyama yule, manyoya ya shingoni yaliyochorwa kwa mkaa, jicho moja kubwa kuliko lenzake kwa sababu baba yake alikuwa na furaha mno siku ile hata mkono haukutulia. Na sasa simba wa nyumbani kwao anakuja kula askari wake! Damu ilimpanda hadi masikioni.

"Mchome!" watu walipiga kelele. "Mchome, binti Semdoe!"

"Una nini hapo?" Mkaguzi alimnong'oneza. "Kama ni mkuki, unangoja harusi?"

Mkono wa Mwanamvua ulikwisha kuinuka. Kisha akaliangalia bakuli. Akimchoma Simba, askari watatoa kokoto tatu, zitabaki tano, na mkono wake utakuwa mtupu mbele ya macho ya mzee. Akiutupa bakulini, zitabaki mbili, na mkono utakuwa mtupu vilevile. Kwa vyovyote mzee hatakuwa na sababu ya kungoja askari wengine, atamwaga mafuriko kama bado anayo, na yeye atarudi nyumbani kumtazama baba yake mgongo. Akaushusha mkono.

"Askari tu," alisema. Akatoa kokoto tatu. Zikabaki tano.

Watu wakaguna. Mmoja akasema huyu mtoto hana uchungu na baba yake. Neno hilo lilimchoma, wala hakugeuka.

Sempombe alitabasamu. Alikuwa na mafuriko mengine mkononi, lakini hakuyatoa. Simba wake akala askari mmoja, na mzee akasema, "Zamu yako, mwanangu. Usiogope, mshushe na huyo askari uliyemficha."

Mwanamvua akatoa kokoto mbili kwa askari waliosalia. Zikabaki tatu. Kisha akauweka mkuki wake, si juu ya Simba, bali kando ya bakuli.

Kelele zilizopigwa mle ghalani ziliwatoa hata wapishi jikoni. Sempombe alilitazama bakuli lake tupu, akafunua mafuriko yake ili wote wayaone.

"Nilikuwa nayo," alisema. "Nilisubiri uongeze askari nikufagilie wote pamoja. Nilijua huna mkuki. Ungekuwa nao, ungemrushia simba wa baba yako. Kwani hukukasirika?"

"Nilikasirika, Mzee wangu. Mpaka sasa nimekasirika."

"Sasa?"

"Ulikuwa wa mwisho," Mwanamvua alisema. "Mkuki wa mwisho haurushwi kwa hasira."

Mzee Sempombe akacheka, mtu ambaye kucheka kwake kulikuwa kwa nadra. Akaisukuma kadi ya Simba kabla hajaombwa, na kesho yake ni yeye aliyekuwa wa kwanza kuyarudia maneno yale mbele ya wapakiaji wawili waliotaka kupigana.

Mwanamvua alikimbia hadi nyumbani, akamwekea baba yake kadi kifuani. Mzee Semdoe aliishika kwa mikono yote miwili, ikatetemeka naye. Aliitazama sana.

"Amenenepa," alisema. "Huko alikokuwa walimlisha vizuri."

Wakacheka, wakalia, yote kwa pamoja.

Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba methali hii inawakataza kukasirika. Mle ghalani hakuna aliyekuwa na hasira kumshinda Mwanamvua. Lakini hasira ilimwonyesha Simba, na kilichomrudisha Simba nyumbani kilikuwa bakuli. Mkuki wa mwisho, wanangu, haurushwi kwa hasira.