Mtihani wa Vitendo wa Somo la Uchumi

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na nini?
— Na shule!
Na shuleni palikuwa na nini?
— Kitabu kimoja, wasomaji tele!

Basi, wanyama wa kidato cha sita walisoma Uchumi kando ya mto. Kitabu kilikuwa kimoja tu, na Kiboko alikuwa amekikalia. Hakukisoma. Alikikalia tu, puu, tangu asubuhi, ili asipitwe na mtu.

Mtihani wa majaribio ulikuwa kesho, na atakayeanguka angerudishwa kwao. Pimbi, yule mdogo wa majabalini, hakutulia. Kwata kwata, huyoo dirishani. Kwata kwata, huyoo mlangoni. Mkia hana, lakini pale ambapo ungekuwepo palimwasha. Kaka zake wote waliishia kidato cha nne, na mama yake alishawatangazia majirani kwamba huyu atamaliza.

"Kaka Kiboko, inuka kidogo nisome ukurasa mmoja."

"Siinuki."

"Nusu ukurasa?"

"Siinuki."

"Basi nione jalada tu."

"Wee Pimbi, jalada ndilo nililolikalia!"

Digidigi, mwenzake wa dawati, akanong'ona, "Tuache tu, ndugu yangu."

Pimbi hakuacha. Kwata kwata, akazunguka tena. Akakumbuka jinsi Kiboko anavyowaonea wivu wanafunzi wa Kemia: wana maabara, wana makoti meupe, wana mtihani wa vitendo. Wa Uchumi hawana kitu.

"Kaka, kwani hujasikia? Mwaka huu hata Uchumi una mtihani wa vitendo."

Kiboko akafungua jicho moja. "Na koti jeupe?"

"La kukutosha halikupatikana. Ila vifaa unavyo: yale maboga uliyoyaficha bwenini. Ni ile sheria ya utamu unaopungua. Boga la kwanza tamu sana, linalofuata tamu kidogo. Unakula mpaka ufikie lile usilolitaka. Hapo ndipo penye maksi. Nenda ukajizoeze."

"Naenda na kitabu."

"Kaka! Ulimwona nani akaingia maabara na kitabu? Si watakufukuza!"

Kiboko akainuka. Gudu! Gudu! Gudu! Akaenda bwenini, Digidigi nyuma yake, amsimamie.

Akaanza kutafuna, mchwa mchwa mchwa. "Utamu umepungua?"

"Bado!"

Mchwa mchwa mchwa. "Umepungua?"

"Bado!"

Mchwa... mchwa... "Vipi, umepungua?"

"Usinisumbue, nafanya utafiti."

Mpaka akalifikia boga moja, akalitazama, machozi yakamtoka. "Hili silitaki," akasema kwa mshangao, akalala hapo hapo. Khoroo! Khoroo! Darasa zima lilikuwa limeshakisoma kitabu, bado kina joto, kimebonyea kama chapati.

Asubuhi, swali la kwanza: eleza sheria ya utamu unaopungua. Pimbi akaandika kama kitabu kilivyosema, neno kwa neno. Kiboko akaandika habari za boga lile: jinsi alivyolitamani maisha yake yote, na jinsi lilipofika hakulitaka. Mwalimu Korongo alipoisoma akampa maksi zote. Pimbi alipata nusu.

Wote wakafaulu, Kiboko kwa swali hilo hilo moja. Akaja kwa Pimbi, gudu, gudu. Pimbi akajibana mwambani.

"Usikimbie, mdogo wangu. Nakushukuru sana. Hebu niambie, wa vitendo wa Jiografia ni lini?"

Kwata kwata, Pimbi huyoo majabalini.

Basi, wanangu, funzo ni hili: msidanganye kamwe. Mkubwa akikalia kitabu chenu, mwambieni ukweli kwa adabu, kisha msubiri hapo hapo mpaka mzeeke.

Ngano yangu imefika ukingoni. Mwenye swali aende maktaba, mwenye jibu aende jikoni!