Jitu la Rumbwe na Paa la Mfalme

"Ukiamsha jitu, uwe umeshapika." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo bwana harusi aliyealika watu kabla ya kutafuta mpishi, na sasa mnataka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na mwenye kubisha akayaulize majitu yenyewe.

Zamani, katika nchi ya Rumbwe, kila mji ulikuwa na jitu lake. La mji wa Mfalme Ngwalima liliitwa Dumbwe. Lililala bondeni tangu kupanda hadi kuvuna, mbuzi wakipanda juu ya tumbo lake kula majani yaliyoota hapo. Sheria ilikuwa moja: anayeliamsha alilishe kwanza, ndipo aseme shida yake.

Mwaka mmoja jabali liliporomoka likaziba mto. Mashamba yakaanza kukauka. Watu wakakusanya maji yaliyobaki mitungini, wakampa Bi Sikudhani, mpishi mkuu, apike ugali wa jitu. Lakini mfalme alikuwa mtu wa haraka. Inasemekana ndizi alikula na maganda yake. Maji hayajachemka, yeye ameshapuliza baragumu.

Dumbwe likaketi kitako. Ardhi ikaruka, chungu kikapinduka, maji yote yakanywewa na mchanga.

"Chakula kiko wapi?" likauliza.

"Kinakuja, babu," akasema mfalme.

"Kinakuja kwa miguu?"

Likang'oa paa la ikulu, likalitafuna. "Mboga yenu kavu. Hata chumvi hamkutia." Kisha mkono ukaelekea ghala la mbegu, na bila mbegu mji ungekwisha.

Watu wakakimbia. Bi Sikudhani akabaki, mwiko mkononi.

"Wewe, mzee mzima, unakula nyumba za watu? Ugali unautaka au huutaki?"

"Nautaka."

"Maji yangu umeyamwaga kwa hayo makalio yako. Mengine yako nyuma ya lile jabali. Kayafuate."

Jitu likaona haya. Likalitupa jabali kama mtu atupaye kokwa. Mto ukashuka kwa kishindo, ukamzoa mfalme na kiti chake, akaja kuopolewa kwenye mihogo. Bi Sikudhani akasonga ugali kwa kasia, mji mzima ukala na kucheza hadi jua likazama.

Mvua ikawahi kabla ikulu haijaezekwa. Mjumbe akaja mbio kuuliza kama waliamshe tena jitu, liwaletee miti ya paa. Mfalme, ungo kichwani, akamjibu taratibu:

"Pitia jikoni kwanza, mwanangu. Ukiamsha jitu, uwe umeshapika."