Shimo la Mfalme Kiboko

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa soko limenuna na vyungu vimekaa vitupu.

Vyungu vya nani?

Tulieni, ndiyo nawaambia.

Hapo zamani za kale, Mhanga alikuwa mchimbaji. Alimchimbia Nyigu udongo, Nyigu akafinyanga vyungu, Njiwa akavinunua kuwekea mtama, na mtama huo Mhanga akaununua kulisha watoto wake. Fedha yao ilikuwa simbi. Maisha yakaenda.

Siku moja Njiwa akasikia kwamba mambo yatakuwa magumu. Akasema, "Chungu cha mwaka huu kitasubiri." Nyigu akakosa mteja. Mhanga akakosa kazi, akakosa na simbi. Mtama wa Njiwa ukakosa mnunuzi, ukaanza kuliwa na fukusi. Mambo yakawa magumu kweli, jamani, na wala hakuna aliyerogwa.

Mhanga akaenda kwa Mfalme Kiboko, mwenye sanduku la simbi. Mlangoni akamkuta Fisi, mweka hazina.

"Nipeni kazi, bwana. Watoto wana njaa."

"Kaza mkanda," Fisi akasema, huku akitafuna nyama.

Akarudi mara ya pili. "Watoto wanalia, bwana."

"Kaza mkanda." Fisi alikuwa amefika kwenye paja.

Mara ya tatu akasema, "Mdogo hana tena nguvu za kulia."

"Basi ameanza kuzoea," Fisi akasema.

Mhanga akaona uchungu. Akampita Fisi, akaingia mpaka barazani, akapiga magoti. "Mfalme, nipe chochote nichimbe."

Mfalme hakuwa na raha, maana ushuru wa soko ulikuwa umekauka. Akasema, "Nichimbie bwawa la kuogea."

Mhanga akachimba, akalipwa. Akanunua mtama kwa Njiwa. Njiwa akanunua chungu kwa Nyigu. Nyigu akamwita Mhanga amchimbie udongo. Mtoto mdogo akapata nguvu, akalia usiku kucha, na baba yake akafurahi.

Siku ya kuzindua bwawa, Mfalme akaingia, akakwama tumbo. Wakamvuta mpaka akatoka.

Fisi akapata la kusema. "Simbi zimepotea bure. Shimo hili halifai kitu."

"Kweli halifai," Mhanga akajibu. "Nilikuwa na njaa, sikupima vizuri. Lakini hebu lifungue sanduku."

Likafunguliwa. Simbi zilikuwa zimeanza kurudi kama ushuru wa soko.

Mfalme akamwambia Mhanga, "Safari hii chimba kisima. Fisi atakubebea udongo."

Basi, wenzangu, kila mtu akifumba mkono, mwenye mkono mkubwa ndiye aanze kufumbua, ampe kazi mwenye njaa. Ila apime shimo kwanza.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Anayeitaka aibebe, mwenye usingizi aiache.