Firigisi ya Ijumaa

Paukwa!
Pakawa!
Nyumba na mlango!
Mlango na komeo!
Na nyuma ya komeo?
Tueleze, bibi!

Nitaeleza mkinyamaza. Wewe Rukia, toa mguu wako kwenye mkeka wangu. Na asiniulize mtu zimwi lilikuwa na pembe ngapi, nitasema mwenyewe tukifika.

Basi, hapo kale palikuwa na mtu na mkewe. Mume akiitwa Makame, mke akiitwa Mize, na walikuwa na binti mchanga, Kazija, ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Wazazi wa Makame, kwa maneno yake mwenyewe, walikwisha kufa wote wawili kabla hajaoa.

Mize alikuwa mpishi hodari, na alikuwa na wivu. Wivu wenyewe haukuwa wa mchezo. Makame akisifu mchicha wa jirani, Mize anauliza ni jirani yupi, ana umri gani, na mchicha huo aliuonja lini.

Kila Ijumaa Makame alichinja kuku, Mize akapika. Nanyi mnajua, kwetu firigisi haigombaniwi. Firigisi ni fungu la baba mwenye nyumba. Watoto hawaigusi, wanawake hawaigusi, na mke akitaka kumvunjia mumewe heshima, basi amnyime firigisi.

Siku moja, kwa mara ya kwanza, Mize akamchungulia mumewe akila, akaona ajabu. Makame aliitoa firigisi kwenye bakuli, akaifunga ndani ya jani la mgomba, akasema anakwenda kuangalia mihogo. Akarudi mikono mitupu. Mize akamuuliza firigisi iko wapi, akajibiwa amepewa paka. Roho ikamuuma Mize.

Ijumaa ya pili, vile vile. Firigisi ndani ya jani, Makame huyoo, anakwenda kuangalia mihogo. Safari hii akasema amempa mbwa. Mize akawaza: juzi paka, leo mbwa, na nyumba hii haina paka wala mbwa.

Ijumaa ya tatu akamfunga Kazija mgongoni, akamfuata mumewe nyuma nyuma. Ng'ambo ya shamba la mihogo palikuwa na ghala kuukuu, mlango umetiwa komeo kwa nje. Makame akachutama, akalisukuma jani chini ya mlango, akaondoka bila kusema neno. Mize akajibanza kwenye mihogo, akasikia mtu mle ndani anatafuna polepole, kisha anashusha pumzi.

Basi hapo moyo wake ukakata shauri. Mumewe ana mwanamke, amemfungia ghalani, na anampa firigisi.

Alirudi nyumbani hakulia. Alikuwa akimuwaza tu yule mwanamke, kama ni mweupe au maji ya kunde, mnene au mwembamba, na ana nini hata apewe heshima ambayo yeye, mke wa ndoa, hajawahi kuionja. Wiki nzima alizidisha chumvi kwenye mchuzi. Angeweza kumuuliza mumewe, hakumuuliza. Makame naye alimwona mkewe amenuna, angeweza kumwambia, hakumwambia. Na hao ni watu wazima, si nyinyi.

Ijumaa ya nne, kuku alipoiva, Mize akaitoa firigisi mwenyewe, akaitia mdomoni, akaitafuna pale pale jikoni. Akafunga shingo ya kuku ndani ya jani, akampa mumewe.

"Chukua, nimeshamfungia paka wako," akasema.

Makame akaona haya. Akalipokea jani bila kulifungua, akalipeleka ghalani, kisha akapitiliza kwenda msikitini.

Haukupita muda, Mize akasikia komeo linavunjika kule shambani. Akasikia mihogo inalala chini. Akajua mwanamke anakuja, akafurahi. Alijifunga kibwebwe, akambeba mwanawe, akasimama barazani amsubiri.

Aliyetokea hakuwa mwanamke. Lilikuwa zimwi, refu kupita paa la nyumba, na pembe saba. Haya, Rukia, saba. Mize akamkumbatia Kazija kwa mikono miwili.

Zimwi likasimama penye mihogo, likauliza, "Nani kala fungu langu?"

Mize kimya.

Likaingia uani. "Nani kala fungu langu?"

Mize kimya.

Likafika barazani, likainama, mate yakamdondokea Kazija kichwani. "Nani kala fungu langu? Miaka saba naletewa fungu la baba, nakumbuka kwamba mimi ni baba wa mtu, sili watu. Leo nimepewa shingo. Leo nimesahau. Aseme aliyekula, au nianze na huyu mdogo."

Mize angeweza kusema ni mumewe. Lakini alikwisha kulisikia lile neno, fungu la baba. Akayatazama macho ya zimwi kwa karibu, akaona ni macho ya Makame. Akapiga magoti na mtoto wake kifuani.

"Shikamoo, baba," akasema. "Nimekula mimi. Nilikuonea wivu. Nilidhani wewe ni mwanamke."

Zimwi likazipapasa pembe zake moja moja. Likalitazama tumbo lake lenye manyoya. Halafu likakaa chini, pu! likacheka mpaka makuti yakadondoka paani. Lilipomaliza kucheka, likalia.

"Marahaba, mwanangu," likasema, na sauti sasa ni ya mzee. "Firigisi nimeletewa miaka saba. Salamu sikuletewa hata siku moja."

Ndipo akamsimulia. Alikunywa maji ya dimbwi wanamokaa majini huko msituni, pembe zikaanza kuota. Mwanawe akaona aibu, akahofia hatapata mke. Akamfungia ghalani, akavisha mgomba sanda, akauzika, na watu wakaja kumpa pole ya msiba.

Makame aliporudi kutoka msikitini alimkuta baba yake kwenye mkeka wa barazani. Kazija yuko pajani anavuta pembe. Mize anamimina uji, na mkono wa mzee uko juu ya kichwa cha Mize, unambariki. Basi wivu ukamhamia Makame. Mkono ule haukuwa umemgusa yeye miaka saba, na leo amepewa mtu wa kuja.

Akapiga magoti. "Shikamoo, baba."

Mzee akanywa uji.

"Shikamoo, baba."

Mzee akamfuta Kazija kamasi.

"Shikamoo, baba," akasema Makame, na sasa analia.

Mzee akamgeukia Mize. "Mwambie mumeo kwamba alinizika mwenyewe, na watu wakaja msibani. Mtu aliyezikwa haitikii salamu."

Basi mzee akakaa nyumbani na pembe zake, hakula mtu. Ijumaa alikula firigisi barazani, wapita njia wakimwona. Kila asubuhi Mize alimwamkia, naye akamwitikia. Kila asubuhi Makame alipiga magoti kando ya mkewe, akaamkia, akasubiri.

Hadithi yangu naikunjia hapa, kama ninavyokunja mkeka huu. Mwenye wivu aulize kabla hajatenda, na mwenye siri asiwafiche wa nyumbani kwake. Na msiniulize kama Makame aliitikiwa, maana mimi niliyesimuliwa sikuambiwa. Inukeni, mkawaamkie baba zenu.