Bi Pimbi, Meya Tembo na Bustani ya Bembea

Hapo kale sana, watoto wangu, wakati wanyama walipokuwa wakiishi majumbani, wakifua nguo na kugombania foleni bombani kama sisi, kulikuwa na mji mkubwa ulioitwa Ndovuni. Meya wake alikuwa Tembo, mzee mjane mwenye sauti ya taratibu. Injinia wake alikuwa Kifaru, na yeye taratibu hakuijua kabisa.

Chini ya mji kulikuwa na Bonde la Matete. Huko waliishi wadogo: panya, vyura, digidigi na kalunguyeye. Kwenye mawe ya ukingoni alikaa Bi Pimbi, msusi wa mikeka, pamoja na binti yake wa pekee, Semeni.

Asubuhi moja Kifaru alipita bondeni akigongomelea vigingi vyekundu. Ko, ko, ko. Kimoja akakipigilia katikati ya tuta la mchicha la Bi Pimbi.

"Habari za kazi, Bwana Kifaru," alisema Bi Pimbi. "Naona umepanda kitu kwenye mchicha wangu."

"Hapa litasimama gurudumu," Kifaru akajibu bila kugeuka.

"Gurudumu gani?"

"La bustani ya bembea. Mtoto analikalia, linamzungusha, linampandisha juu kuliko mnazi. Kutakuwa na treni ya kupanda na kushuka, na farasi wa mbao. Mji wowote utakaosikia utatuonea wivu."

"Na sisi tunaokaa hapa?"

"Nyinyi mtahama. Mtatafutiwa mahali."

"Mahali gani?"

"Hilo si la injinia," alisema Kifaru. Akaenda zake. Ko, ko, ko.

Semeni alikuwa amesimama mlangoni, ameyasikia yote. Wakati wa chakula hakugusa mboga.

"Mama," alisema, "mimi nalitaka hilo gurudumu."

Bi Pimbi akaweka mwiko chini. "Na nyumba yetu je?"

Semeni akafikiri. "Nyumba naitaka pia. Siwezi kuvitaka vyote viwili?"

Bi Pimbi akamtazama. Kile kigingi mchichani kilimuudhi, lakini macho ya mwanawe yalimuuma zaidi. Hakuwahi kumwona akitamani kitu namna ile.

Ikaitishwa mkutano wa mji. Wanyama wakajaa ukumbini, wakubwa mbele, wadogo nyuma karibu na mlango. Bi Pimbi akapanda juu ya ndoo iliyofunikwa, akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa Meya, lile bonde ni laini. Masika yakiingia, maji hupita chini ya nyasi..."

"Kuna mtu anaongea huko nyuma?" aliuliza Tembo, akitega masikio yake mapana.

"Hakuna, Mheshimiwa," alisema Kifaru. "Ni mlango unalia."

Wakubwa wakapiga makofi, pa pa pa, na bustani ikapitishwa.

Bi Pimbi alirudi nyumbani. Alisuka ukili mpaka mkeka ukaisha, akaanza mwingine. Katikati ya ule wa pili akatabasamu kidogo, akauweka kando, akajifunga kanga yake nzuri na kwenda nyumbani kwa Meya.

Tembo alikuwa barazani akinywa uji. Bi Pimbi akaomba ruhusa, akapanda juu ya meza, akasimama karibu kabisa na sikio lake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi Pimbi wa Bonde la Matete. Nimekuja kukubali. Ila nina ombi moja. Bustani kubwa namna hii isianze kimyakimya. Njooni mcheze ngoma, wewe na Bwana Kifaru, palepale litakaposimama gurudumu. Ardhi ikiwabeba nyinyi wawili mkiruka, sisi tutahama wenyewe, tena tukiimba. Isipowabeba, mtatuachia bonde letu."

Kifaru alikuwa hapo pembeni na ramani zake. Akacheka mpaka pembe ikatikisika. "Ardhi isitubebe sisi? Nitaruka mpaka mawe yahame."

"Ndiyo maana nimesema, Bwana Kifaru. Watu waje wauone uzito wa wenye mji."

Maneno hayo yalimkolea Kifaru kama asali. Tembo naye alikuwa mpole, hakuona ubaya. Akatangaza ahadi hiyo mbele ya mji mzima.

Siku ya ngoma ilipokaribia, vyura walifungua mfereji wa chemchemi. Maji yakaingia bondeni polepole, yakajificha chini ya nyasi. Juu yake Bi Pimbi na majirani wakatandika mikeka mipya, mmoja baada ya mwingine, pakapendeza kama ukumbi wa harusi.

Watu wakajaa kwenye mteremko. Panya wakashika ngoma: ndu, ndu, ndu. Tembo akapanda mikekani kwa hatua za heshima, mkonga juu. Kifaru akaingia kwa kishindo.

"Rukeni, wakubwa wetu," alisema Bi Pimbi.

Kifaru akaruka. Puu. Mikeka ikatetemeka. Tembo akaruka. Puu. Maji yakachungulia kati ya ukili. Kifaru hakuyaona, aliwaona watazamaji tu. Akarudi nyuma, akakimbia, akaruka tena kwa nguvu zake zote.

Didimi.

Ardhi ikafunguka. Kifaru akazama mpaka kifuani, akapigapiga miguu, akajitoa kwa vurugu na kukimbilia mlimani, mkeka umemning'inia kwenye pembe. Mteremko mzima ukaangua kicheko.

Lakini Tembo hakutoka. Alikuwa amezama mpaka tumboni, na kila alipojitikisa alizidi kushuka. Kicheko kikapungua, kikaisha. Wote wakamsikia akihema.

Bi Pimbi aliona amekosea. Alikuwa amepiga hesabu ya magoti, si ya tumbo. Akakimbia juu ya mikeka iliyobaki mpaka kichwani pa Tembo.

"Mzee, tulia. Usijisukume. Ukitulia hutashuka zaidi." Akawageukia watu. "Digidigi, wewe una mbio. Nenda mjini kwa Nyati, waje na kamba na magogo. Na nyinyi wengine kateni matete, tumwekee chini ya miguu."

Watu wakatawanyika. Mji ulikuwa mbali, na kamba za Nyati ni nzito. Bi Pimbi akakaa karibu na lile sikio pana, hana la kufanya ila kungoja pamoja na mtu aliyemzamisha.

"Bi Pimbi," alisema Tembo taratibu, "ulijua?"

"Nilijua, Mzee. Mfereji ule tumeufungua sisi, na akili ilikuwa yangu. Masika bonde hili huwa hivi kila mwaka. Mimi nimekuletea masika mapema. Lakini nilidhani utazama magoti tu, uone, utoke. Kwa hili lililozidi, nakuomba radhi."

Tembo akauliza, "Mbona hukusema kwenye mkutano?"

"Nilisema."

Sikio la Tembo likashuka kidogo. "Kumbe haukuwa mlango."

"Haukuwa mlango, Mzee."

Upepo ukapita kwenye matete. Bi Pimbi akamfuta tope kwenye ukope kwa ncha ya kanga yake. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna mtu ukumbini aliyeliuliza.

"Mzee, hasa hasa, bustani unaitakia nini?"

Tembo akavuta pumzi. "Nje ya ukuta wangu watoto hucheza kila jioni. Nawasikia. Nikitoka tu, wanakimbia. Siwafukuzi, Bi Pimbi. Natoka kuwatazama. Hata nilipokuwa mdogo nilikua upesi mno. Kila bembea niliyoikalia ilivunjika, wenzangu wakaacha kuniita. Baadaye nikapata mke, tukaishi vizuri, lakini hatukujaliwa mtoto, na sasa mwenyewe hayupo. Nikawaza, nikijenga kitu kikubwa sana, kizuri sana, watoto watakuja, na mimi nikisimama karibu hawatakimbia."

Bi Pimbi akasogea karibu zaidi. Akaweka mkono wake mdogo juu ya sikio lake, akauacha hapo.

Ndipo Semeni alipofika na mzigo wa matete, nyuma yake watoto wa bondeni wamebeba yao. Hakuna aliyewatuma, waliwaona wakubwa wakikata, nao wakakata.

"Babu," alisema Semeni, "tunaweza kukuwekea haya chini ya tumbo?"

Tembo akageuza jicho. Tangu awe Meya aliitwa Mheshimiwa au Mzee, hakuwahi kuitwa Babu. "Wekeni, mjukuu wangu."

Wakaweka. Ubavu wa pili ulikuwa mbali na mikeka, na Semeni hakufikia.

"Babu, naweza kupita juu yako?"

Tembo akashusha mkonga kwa uangalifu, akamzungushia kiunoni, akampandisha mgongoni. Semeni akatupa matete upande wa pili. Kisha akageuka ili ashuke, mguu ukateleza, na sururu, akaporomoka mgongo wote ule, chubwi, matopeni.

Bi Pimbi akaruka wima. Semeni akaibuka mweusi tititi, yanaonekana macho na meno tu.

"Tena," akasema.

Tembo akampandisha tena. Sururu, chubwi. Mtoto wa kalunguyeye akasema na yeye. Mtoto wa panya akasema na yeye, ila anaogopa, kwa hiyo Babu amshike kwanza. Babu akamshika. Punde watoto wote wakawa kwenye foleni, hata wale wa mjini waliokuja na mama zao kutazama ngoma. Wengine wakaning'inia kwenye masikio wakibembea, wengine wakakaa juu ya kichwa wakisubiri zamu.

Tembo akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko kizito cha ndani, na kila kilipopanda, maji yalifanya mawimbi na watoto wakapiga kelele za furaha.

Nyati wakafika, wanahema, na kamba mabegani. "Mheshimiwa, tuko tayari kukuvuta."

"Ahsanteni sana," alisema Tembo. "Ngojeni kidogo. Bado wale pale hawajateleza."

Wakangoja. Jua lilipolegea ndipo walipopitisha kamba na magogo, wakamvuta, oya, oya, mpaka akasimama nchi kavu, akitiririka tope, amechoka, na mtoto mmoja wa panya bado amelala usingizi nyuma ya sikio lake.

Kifaru naye akarudi, ameoga. "Mheshimiwa, huyu Pimbi akamatwe. Kisha tutajaza kokoto bonde zima na kujenga palepale."

"Niliahidi mbele ya mji," alisema Tembo. "Ardhi haikutubeba."

"Imemwagiwa maji."

"Na masika yangeimwagia. Gurudumu likiwa limesimama, Bwana Kifaru, na watoto wakiwa juu."

Kifaru akageuka. Akawatazama wale watoto weusi kwa tope waliojipanga ukingoni. Masikio yake yakalala. Akashuka bondeni na kuanza kung'oa vigingi vyake kimoja kimoja.

"Ila Bi Pimbi," Tembo akaendelea, "wewe umemzamisha Meya. Adhabu lazima uipate."

Bi Pimbi akainamisha kichwa. Semeni akamshika kanga.

"Kuanzia leo, kwenye kila mkutano wa mji wewe utakaa karibu na sikio langu. Wadogo wa nyuma wakisema jambo, utaniambia, neno kwa neno, hata nikiwa sitaki kulisikia."

Basi mtaniuliza, watoto wangu, bustani ilijengwa au haikujengwa? Ilijengwa. Si kubwa kuliko zote, wala hakuna mji ulioionea wivu. Ilijengwa kwenye kiwanja kikavu cha tanuri la zamani la matofali, ambako hakuna aliyehamishwa. Kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, Tembo aliwaita watoto, akakunja magoti yake yote, akawauliza mmoja mmoja wanataka nini. Panya wakataka shimo la kupenya. Vyura wakataka dimbwi. Semeni akataka gurudumu, akalipata, dogo, la kiasi chake.

Na jioni, shughuli za ofisini zikiisha, Tembo alikwenda pale na kujilaza ubavu kwenye nyasi. Watoto hawakukimbia. Waliacha bembea zao wakaja kumpanda, na Bi Pimbi akakaa kando, akisuka ukili, akiwatazama.

Mimi naishia hapo, na la kuondoka nalo ni hili: mkubwa anayetaka kuwafurahisha wadogo, ainame kwanza awasikilize.