Mrija wa Asiyekuwepo

Kabla ya watu wa vilima vya Itumbwe kujua kukizunguka chungu kimoja, kila nyumba ilikunywa kivyake. Pombe ya ulezi ilipikwa nyuma ya mlango, ikachachia nyuma ya mlango, na nyuma ya mlango huohuo ikanywewa ikaisha. Mtu aliweza kulima bega kwa bega na jirani yake tangu mvua za kwanza hadi mavuno, wakaezekeana nyumba, wakazikiana wafu, na bado asijue pombe ya mwenzake ina ladha gani. Kunywa ya mwingine ilikuwa aibu, kama kulala kwenye mkeka wake. Wazee wa wakati ule walisema chachu husikia kila linalosemwa ndani ya nyumba, na anayekunywa pombe yako anakunywa na siri zako. Basi kila nyumba ilikuwa na chungu chake na kata yake. Mwenye watu alilewa na watu wake, na asiye na watu alilewa na ukuta.

Wakati huo, kwenye kilima kilicho juu ya mto Kilasi, aliishi mtu aitwaye Kasyupa na mkewe Bupe. Hawakujaliwa mtoto. Kasyupa alikuwa mtu wa maneno machache, na Bupe alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili. Kazi ya pombe ilikuwa ya Bupe. Aliloweka ulezi, akaufunika kwa majani ya mgomba mpaka ukaota, akauanika juani, akausaga juu ya jiwe, akaupika. Kazi ya Kasyupa ilikuwa kuleta kuni na kunywa. Jioni walikaa pande mbili za mafiga wakipokezana kata, mmoja akisema na mmoja akisikiliza, na hakuna aliyejiuliza kama siku zile zingekuwa na mwisho.

Mwaka mmoja masika yalikuja na homa, na homa ikamkuta Bupe. Hakuugua sana. Alilala asubuhi akisema kichwa kinamgonga, na kabla ya ulezi uliokuwa shambani kuinamisha vichwa, alikuwa amekwisha kukata roho. Mvua ilikuwa haijakatika. Mto Kilasi ulikuwa umefura na kumeza kivuko, ukibeba miti mizima na mizizi yake. Ng'ambo ya mto ndiko alikoishi Sekela, mdogo wake Bupe, ndugu pekee aliyebakiwa naye. Kasyupa aliutazama mto, akaona hakuna mtu wa kumtuma asife maji. Akamzika mkewe na majirani wa upande wake.

Maji yalipopungua, Sekela alivuka akiwa amebeba unga wa kumpikia mgonjwa, maana habari ya homa ilikuwa imemfikia kabla mto haujameza kivuko. Alikuta kaburi limeshafukiwa na majani yameanza kuota juu yake. Hakupiga yowe. Aliuweka ule unga juu ya kaburi, akamwambia Kasyupa, "Umemfukia dada yangu kama mbegu, bila kuniita." Akarudi kwao. Hakuvuka tena.

Ndani ya nyumba kilikuwa kimebaki chungu kimoja cha pombe, alichokipika Bupe siku chache kabla ya kuugua. Kasyupa alikinywa kidogo kidogo, kama mtu anayekula akiba ya njaa. Lakini pombe haiwekwi akiba. Ikaanza kuuma ulimi, ikawa chungu, ikawa siki, naye akaendelea kuinywa. Ilipoisha akatafuna machicha. Machicha yalipoisha akakaa akakitazama chungu kitupu, na nyumba ikawa kimya namna ambayo hajawahi kuisikia.

Ndipo alipoamua kupika.

Mwanamume kupika pombe halikuwa katazo, ila hakuna aliyewahi kuliona. Kasyupa alikuwa amemtazama mkewe miaka yote ile, akadhani kutazama ni kujua. Ulezi wake wa kwanza uliota ukungu. Wa pili ulichelewa kuanikwa ukanuka. Wa tatu alipika, ukawa uji mwembamba usiotaka kuchacha, akawamwagia kuku. Hakukata tamaa, kwa kuwa hakuwa na jingine la kufanya jioni. Alijifunza kuupima ulezi ulioota kwa kidole, aone mizizi imesokotana au bado. Alijifunza kwamba maji ya chemchemi ya juu yanafanya pombe kali na maji ya chini yanafanya pombe tamu, na kwamba kuni za mti mkavu sana zina haraka kama mgeni asiyependa kukaa. Mavuno hadi mavuno alikuwa akiloweka, akianika, akisaga na kupika. Mikono yake ikanuka kimea. Watu walipomwita kwenye mambo yao alikwenda, akakaa pembeni, akifikiria chungu chake.

Kulikuwa na jambo moja hakumwambia mtu. Pombe inapochacha hutoa sauti ndogo, ya mapovu yanayopanda na kupasuka, na ukiisikiliza ukiwa umefumba macho utadhani kuna mtu anayenong'ona usingizini. Kasyupa alihamisha mkeka wake akalala karibu na chungu. Sauti ile ilipokoma, maana pombe ilikuwa imeiva, hakufurahi kama wapishi wengine wanavyofurahi. Alianza kuloweka ulezi mwingine.

Hatimaye ikaja pombe ambayo hata yeye aliiona kuwa nzuri. Ilikuwa na rangi ya udongo mwekundu, na povu lake lilikaa, halikukimbia. Kasyupa akachota kata, akaketi upande wake wa mafiga, akanywa taratibu akingoja ladha ya pombe ya Bupe imfikie.

Akangoja. Akanywa tena.

Hakujua kama ndiyo yenyewe. Alikumbuka kwamba pombe ya Bupe ilikuwa nzuri, na kwamba alikuwa akiipenda. Alikumbuka jinsi Bupe alivyoifuta kata kwa kiganja kabla ya kumpa. Lakini ladha yenyewe aliitafuta mdomoni mwake asiione. Alikuwa ameonja pombe zake mwenyewe, nzuri na mbovu, mpaka zikaifunika ile ya mkewe kama majani yalivyolifunika kaburi. Siku ya maziko alikuwa hajalia, maana watu walikuwa wengi na mvua ilikuwa kubwa. Siku hiyo, mchana kweupe, alilia kata ikiwa mkononi.

Hakuna jirani aliyeweza kumsaidia. Nani katika kilima kile aliwahi kuonja pombe ya Bupe? Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekulia jiko moja naye, akajifunza kupika kwa mama mmoja naye, akanywa kilichotoka mikononi mwake tangu wakiwa wasichana. Na mtu huyo alikuwa ng'ambo, na hakuwa akimtaka.

Ilikuwa kiangazi, mto ulikuwa chini. Kasyupa alikifunga chungu kwa kamba za mgomba, akakibeba begani, akavuka. Waliomwona njiani waligeuza nyuso zao. Mtu kutembea na pombe yake juani ilikuwa kama kutembea bila nguo.

Alimkuta Sekela uani akipukuchua maharage. Alikuwa amezeeka kuliko alivyomtarajia. Mumewe alikwisha kufa na binti zake walikuwa wameolewa mbali, na ua wake ulikuwa umefagiwa vizuri mno, kama ua wa mtu asiyetembelewa.

Kasyupa akatua chungu. "Shemeji," akasema.

Sekela hakuinua macho. "Nani amekufa safari hii? Leo umewahi."

"Hakuna aliyekufa. Nimeleta pombe, nimeipika mwenyewe. Nimeisahau ladha ya pombe ya Bupe, shemeji. Nataka uonje uniambie kama nimempata."

"Kata yangu haiingii kwenye chungu cha nyumba nyingine. Na yako haiji mdomoni kwangu. Unajua hivyo."

"Najua."

"Basi kibebe urudi nacho."

Kasyupa hakukibeba. Alisimama pale kwenye jua, asijue aweke wapi mikono yake. Mwisho akasema, "Mto ulikuwa umejaa."

"Nilikuwa nauona mto," akasema Sekela, na sasa alimtazama. "Nilisimama ukingoni kila siku nikisubiri ushuke. Ungekuja ukingoni kwako ukapiga kelele, ningekusikia. Usingenivusha, sawa. Lakini ningejua siku ni ile. Ningekaa upande huu nikalia, wakati ninyi mnamzika upande ule. Mimi siku mnayomzika dada yangu nilikuwa natwanga, nacheka na watoto."

Katika miaka yote ile Kasyupa alikuwa amejitetea moyoni kwa habari ya mto, na kila mara alishinda kwa hoja. Jambo hili la kwenda ukingoni na kupiga kelele halikuwahi kumjia.

"Sikufikiria," akasema.

"Hukufikiria."

"Nisamehe, shemeji."

Sekela aliyatua maharage kutoka mapajani. Akachukua kisu, akashuka kwenye kijito kinachopita nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa na matete mawili mabichi. Akayapuliza moja moja yakawa wazi ndani kama mirija, akayafuta kwa nguo yake.

"Tete si kata," akasema. "Halina nyumba. Kaa chini."

Wakakaa, chungu katikati. Ndiyo mara ya kwanza katika nchi ile watu wa nyumba mbili kunywa kwenye chungu kimoja, na hakukuwa na mtu wa kuwaona zaidi ya kuku. Sekela akavuta, akafumba macho. Machicha yalibaki chini, pombe ikapanda safi. Akavuta tena. Kasyupa alikuwa ameacha kunywa akimtazama usoni kama mshtakiwa.

"Ni pombe nzuri," akasema Sekela. "Mama angeisifu. Lakini si ya Bupe."

"Imepungua nini?"

"Bupe alikuwa akiunguza. Kila mara. Anaweka uji motoni, anaanza kuongea, uji unashika chini ya chungu. Mama alimgombeza mpaka akachoka. Hukuwahi kusikia ule moshi kidogo mwishoni, ukishameza? Huo ndio ulikuwa wake." Akaligusa tete lake kwa kidole. "Hii yako haikushika hata mahali pamoja. Umeipika kama mtu asiye na wa kuongea naye."

Kasyupa akainama. Na hapo, kwa muda mfupi kabisa, ule moshi ukamjia, nyuma ya ulimi, akaufahamu, ukapotea.

"Nitaunguza," akasema.

"Ukiunguza kwa kusudi utapata pombe iliyoungua, basi. Ya Bupe ameondoka nayo."

Walikunywa, na machozi ya Sekela yaliteremka bila sauti, naye hakuyafuta. Kisha akainuka tena akashuka kijitoni, akarudi na tete la tatu. Akalitia chunguni kati ya lake na la Kasyupa, akaliegemeza ukingoni vizuri ili lisianguke.

Kasyupa akamuuliza, "Atakunywa?"

"Hapana. Ila asikose pa kukaa. Mimi sikumzika, shemeji. Acha nimkaribishe."

Jua lilikuwa limeanza kulala upande wa milima wakati mzee mmoja jirani, Mwangoka, alipopita na jembe lake. Wanawe walikuwa wamehama kutafuta malisho, wala hawakutuma salamu. Aliona jambo ambalo hajawahi kuliona, akasimama. Akatazama watu, akatazama matete.

"Ninyi ni wawili," akasema. "Hilo lingine la nani?"

"La asiyekuwepo," akajibu Sekela.

Mzee akalihamisha jembe bega hili hadi lile. Alikuwa na chungu chake nyumbani, na ukuta wake. "Na mtu akitaka kukaa?" akauliza, kwa sauti ya chini, kama anayeomba kitu cha aibu.

"Hilo usiliguse," akasema Sekela. "Matete yako pale chini. Kakate lako."

Kasyupa alirudi kwake kabla ya giza na chungu kitupu. Nyumba aliikuta vilevile, kimya vilevile, na upande wa pili wa mafiga hapakuwa na mtu. Kupika hakuacha. Ila pombe iliyofuata, ilipoiva, aliitoa nje akaiweka mbele ya mlango, akachomeka tete moja la Bupe, akakaa. Siku ya kwanza hakuja mtu. Pombe iliyofuata akaja mmoja, mjane wa bondeni, akiwa amelificha tete lake ndani ya nguo. Baadaye wakaja wengi. Walikuja hasa wale waliokuwa wakilewa na ukuta, na wenye watu wao wakafuata nyuma.

Na tangu siku zile watu wa Itumbwe hawanywi pombe ya ulezi nyuma ya mlango. Hukitoa chungu nje, wakakizunguka, kila mmoja na mrija wake. Lakini kabla ya mtu yeyote kuchomeka wake, mwenye nyumba hutangulia kuchomeka mmoja na kuuegemeza ukingoni, na huo hakuna anayeutia mdomoni, hata wakibanana vipi. Mgeni akiuliza ni wa nani, hujibiwa bila kuficha. Hutajiwa jina, na kila nyumba ina la kwake.