Nani Afungue Maji ya Banio

Hapo zamani, na zamani yenyewe haiko mbali sana, katika kisiwa cha Bali palikuwa na kijiji kilicholima mpunga kwa maji ya mfereji mmoja. Huko, kabla ya sikukuu ya hekalu, majogoo hupiganishwa, damu imwagike chini, pepo wabaya washibe waende zao. Si dini yangu, wala siisemi vibaya. Na jogoo wa mtu ni ukoo wake. Akiingia uwanjani, ndugu wote huweka dau upande wake. Kumpinga ni kumkana.

Basi Kerta alimkana binamu yake Regig. Jogoo wa Regig alipoingia uwanjani, yeye aliweka dau kwa jogoo wa kijiji kingine. Tangu siku hiyo wakanyamaziana, miaka saba. Nisiwacheke. Mimi nami nimemnyima ndugu yangu salamu kwa jambo dogo kuliko hilo, Mungu anisamehe.

Mashamba yao yalipakana penye banio, pale maji ya mfereji yanapozuiwa kwa ubao, na kuzibua banio ilikuwa kazi yao wawili, pamoja. Hawakuzibua. Tope likajaa, mpunga wa kijiji kizima ukaanza kunyauka. Mkuu wa kijiji akasema, "Atakayewapatanisha hawa, ndiye atakayefungua maji kwa mkono wake, na jina lake litaombewa banioni kila mwaka."

Sikukuu ikafika. Jogoo mwekundu wa Regig akapangwa na jogoo mweupe wa Kerta. Wakafungwa wembe miguuni, wakarukiana. Mweupe akaanguka.

Jogoo akianguka, mwenyewe hupewa muda wa kumhuisha. Kifuu chenye tundu huwekwa kielee katika beseni la maji. Kikizama, muda umekwisha. Mshika kifuu, Gejer, huapa hekaluni kwamba hatapendelea mtu.

Kerta alikuwa na pumu. Akatia kichwa cha jogoo kinywani ampulizie, akakohoa. Akapuliza, akakohoa.

"Mpulizieni mwenyewe kwanza," mtu akasema, watu wakacheka.

Regig akavuka uwanja. Akamchukua yule jogoo mikononi mwa Kerta, bila neno, akampulizia. Akampulizia tena. Jogoo akafumbua jicho, na kifuu bado kinaelea. Mweupe akasimama, akamuua mwekundu. Ndugu wa Regig wakapoteza dau lao kwa pumzi ya Regig.

Desturi ni kwamba mshindi humchukua jogoo aliyekufa. Kerta akambeba kwenda nyumbani, kimya vilevile. Mkewe, Sandat, akampika kwa nazi na manjano, akapakua.

"Usimpelekee Regig," Kerta akasema. "Ataona tunamsimanga."

Sandat akajitwika sahani, akaenda. "Shemeji," akamwambia Regig, "binamu yako angekuja kushukuru, ila pumu imembana."

Kumbe Kerta yuko nyuma yake, amemfuata amrudishe, anahema mlangoni. Regig akamtazama, akatia kipande kinywani, akatafuna sana.

"Mgumu huyo," Kerta akasema. Neno la kwanza kwa miaka saba.

"Hata uwanjani hakuwa laini kwako. Kaa tule."

Asubuhi wakashika majembe, wakatoa tope lote. Kijiji kikakusanyika banioni.

Regig akasema, "Kama si pumzi yangu, mweupe angekufa, na Kerta asingekuwa na la kunishukuru."

"Pumzi hiyo iliukana ukoo wako," ndugu zake wakajibu. "Kosa la Kerta umelirudia wewe."

Gejer akasema, "Kama si kidole changu, pumzi isingepata nafasi. Kifuu kilikuwa kinazama. Niliziba tundu chini ya maji. Nimevunja kiapo. Nakiri mbele yenu."

Sandat akasema, "Kama si sahani yangu, kila mtu angelala na kimya chake."

"Nilimkataza," Kerta akasema.

"Ulinikataza, kisha ukanifuata."

Mmoja aliwasaliti ndugu zake, mmoja alivunja kiapo, mmoja hakumsikiliza mumewe. Na maji yako tayari nyuma ya ubao. Mimi mchana humpa Gejer haki hiyo, kwa kuwa alikiri. Nikisali jioni namnyang'anya, nakumbuka kiapo ni kiapo.

Mkuu wa kijiji ameshika ubao, anasubiri jina moja, na mpunga unasubiri naye. Haya, ninyi mlionisikiliza: aitwe nani aje afungue?